Mshono wa Maneno: Silabi na Mkazo katika Kinorwei

Neno ambatano la Kinorwei huandikwa bila nafasi ndani yake na hutamkwa kwa mkazo mkuu mmoja, ambao aghalabu huangukia sehemu ya kwanza. “Syk” ni mgonjwa na “hus” ni nyumba. Yakishonwa pamoja yanakuwa “sykehus”, yaani hospitali. “Barn” ni mtoto na “hage” ni bustani. “Barnehage” ni shule ya chekechea, neno lililoundwa kwa kuiga la Kijerumani. “Fot” ni mguu, “ball” ni mpira. Katika yote haya sauti hujikaza mwanzoni, SYkehus, BARnehage, FOTball, kisha sehemu ya pili hufuata kwa nguvu pungufu. Pungufu, si sifuri. Sehemu hiyo ya pili hubaki na mkazo wake mdogo na urefu wa sauti zake, na hapo ndipo ulipo utamu wote wa jambo hili. Mkazo mkuu unaunganisha: unamjulisha msikilizaji kwamba vitu viwili sasa ni kitu kimoja. Silabi zinatenganisha: kila sehemu inalinda mipaka yake kana kwamba jirani yake hayupo. Maandishi yameupendelea upande mmoja tu, wa kuunganisha, yakaacha mshono utafutwe na sikio.

Kwa aliyezaliwa katika Kiswahili mpangilio huu uko kinyumenyume. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na huhama kila neno linaporefuka: soma, somesha, someshana. Hata katika maneno ambatano kama mwanafunzi au kifunguamimba, mkazo huikimbilia sehemu ya mwisho, na ile ya kwanza hupita haraka bila uzito wa kujivunia. Kinorwei hukita mkazo mwanzoni, kisha hakiung'oi hata neno livutwe kwa nyuma namna gani. “Hus” ni nyumba, “huset” ni nyumba ile, “husene” ni nyumba zile, “huseier” ni mwenye nyumba, “huseierforening” ni chama cha wenye nyumba. Mara zote tano silabi yenye nguvu ni ile ile. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza lugha hii hujikuta akisubiri kilele kwenye mkia wa neno, na kufika kwake huko kilele kimeshapita zamani.

Silabi yenye mkazo katika Kinorwei ina sharti moja lisilo na msamaha: lazima iwe nzito. Uzito huo hupatikana kwa njia mbili, nayo huchukua moja tu kwa wakati mmoja. Ama irabu inarefushwa na konsonanti inayoifuata inakuwa fupi, ama irabu inafupishwa na konsonanti inashikiliwa mdomoni kitambo. “Tak” yenye a ndefu ni paa la nyumba. “Takk” yenye a fupi na k iliyoshikiliwa ni asante. “Pen” ni kuwa na sura nzuri, “penn” ni kalamu. “Hat” ni chuki, “hatt” ni kofia. Tahajia huufuata mpango huu kwa uaminifu wa kutosha, kwani konsonanti ikiandikwa mara mbili huwa ni ishara kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Herufi m peke yake ndiyo mkaidi: haikubali kuandikwa mara mbili mwishoni mwa neno, kwa hiyo “rom”, chumba, huandikwa kwa m moja ijapokuwa irabu yake ni fupi, na m ya pili hujitokeza neno linaporefushwa kuwa “rommet”.

Silabi isipokuwa na mkazo, tofauti hizi hufa zote. Irabu hufupika, na e mara nyingi hufifia mpaka ikawa kivuli cha sauti. Ndiyo maana urefu ni kipimo kizuri cha kujua kama sehemu ya pili ya neno ambatano bado ina mkazo. Katika “fotball”, irabu ya “fot” ni ndefu na l ya “ball” inashikiliwa, sawasawa na inavyoshikiliwa “ball” linaposimama peke yake. Kama sehemu ya pili ingekuwa imezimika kabisa, ushikaji huo usingesikika. “Sykehus” linaonyesha daraja tatu katika silabi tatu tu: “sy” yenye irabu ndefu na nguvu zote, “ke” iliyofifia, halafu “hus” yenye irabu ndefu tena lakini kwa sauti ya chini. Mwanafunzi anayezipa silabi hizo tatu nguvu sawa hueleweka kwa shida. Anayeimeza ya tatu kabisa hueleweka kwa shida zaidi.

Kazi ya mkazo huonekana vizuri pale maneno yale yale mawili yanapoweza kuungana au kutoungana. “En norsk lærer” ni mwalimu ambaye ni Mnorwei, hata kama anafundisha hesabu. “En norsklærer” ni mwalimu wa somo la Kinorwei, hata kama kwao ni Bujumbura. Sauti zinazotamkwa ni zile zile, kwa mfuatano ule ule. Katika maneno mawili “norsk” ina mkazo wake mkuu na “lærer” ina wake. Katika neno moja mkazo mkuu ni wa “norsk” peke yake, na “lærer” hushuka daraja. “Stor by” ni mji mkubwa kwa vipimo vyovyote, ilhali “storby” ni jiji, lenye treni za chini ya ardhi na maisha ya haraka. “Rød vin” ni mvinyo ambao mtu ameuona kuwa na rangi nyekundu. “Rødvin” ni aina ya kinywaji inayoagizwa kwa jina. Neno ambatano hutaja jamii ya vitu, na maneno mawili yaliyo huru hueleza kitu kilichopo mbele ya macho. Sikio la Mnorwei huipata tofauti hii bila kufikiri, na hakuna herufi hata moja inayolisaidia.

Mkono wake, hata hivyo, hukosea. Kosa la kuyaandika maneno ambatano kwa kuyatenganisha, ambalo Wanorwei huliita “særskriving”, ni miongoni mwa makosa wanayoyalalamikia zaidi, na sababu ya uchungu huo ni kwamba nafasi moja tupu huzaa mkazo wa ziada kichwani mwa msomaji, na mkazo huo huleta maana nyingine. “Røykfritt” ni mahali pasipovutwa sigara. “Røyk fritt” ni ruhusa, vuteni mtakavyo. “Ananasbiter” ni vipande vya nanasi. “Ananas biter” ni taarifa kwamba nanasi linauma. “Lammelår” ni paja la mwanakondoo, na “lamme lår” ni mapaja yaliyopooza. Kwenye bucha “kyllinglever” ni maini ya kuku, lakini “kylling lever” maana yake ni kwamba kuku yu hai. Kiingereza ndicho kinachotupiwa lawama mara nyingi, kwa kuwa chenyewe hupenda kuacha nafasi, na lawama hiyo ina ukweli wake. Ila wachora mabango na vifungashio nao wasisahauliwe: neno refu lisipoenea kwenye kopo la bati hukatwa kuwa mistari miwili bila kistari, na jicho lililozoea kopo hilo tangu utotoni huishia kuona kwamba hivyo ndivyo linavyoandikwa.

Upande wa pili, ule wa silabi, una kanuni zilizo wazi kuliko matumizi yake. Neno la kawaida lisilo ambatano, likibidi kukatwa mwishoni mwa mstari, konsonanti moja huenda na irabu inayofuata na zinazobaki hukaa nyuma: “kas-te”, kutupa, “bak-ke”, mlima mdogo au ardhi, “hu-set”, nyumba ile. Neno ambatano halitazami konsonanti kwanza. Hutazama mshono, na ndipo panapokatwa: “barne-hage”, “syke-hus”, “fot-ball”. Kanuni hizo mbili zikigombana, mshono ndio unaoshinda, na mfano mzuri wa ugomvi huo ni “huseier” lililotajwa hapo juu. Kwa kanuni ya konsonanti moja lingekatwa “hu-seier”, na msomaji angeanza mstari mpya kwa neno “seier”, ambalo ni ushindi. Mkato sahihi ni “hus-eier”. Herufi s ni mali ya “hus” na haivuki. Katika “huset” s ile ile ilivuka bila matatizo, kwa sababu “et” ni kiambishi kisicho na mkazo, hakina mipaka ya kulinda. “Eier”, mmiliki, ni neno kamili lenye mkazo wake mdogo, nalo huanza pale linapoanzia. Katika mazungumzo ya haraka s huweza kusogea kidogo kuelekea irabu iliyo mbele yake, lakini urefu wa irabu na mkazo mdogo hubaki mahali pake, na hilo latosha kumfanya msikilizaji asiusikie ushindi wowote.

Mambo huwa matamu zaidi pale konsonanti tatu zinazofanana zinapokutana kwenye mshono. Kinorwei hakiruhusu herufi moja iandikwe mara tatu mfululizo. “Natt” ni usiku na “tog” ni treni. Treni ya usiku huandikwa “nattog”, kwa t mbili, na ya tatu hutupwa. “Trafikk” na “kaos” huzaa “trafikkaos”, msongamano ambao wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam hawahitaji kutafsiriwa. “Fjell”, mlima, na “landskap”, mandhari, huzaa “fjellandskap”. Dereva wa basi, kutoka “buss” na “sjåfør”, ni “bussjåfør”. Lakini herufi iliyotupwa haijapotea. Neno likikatwa mwishoni mwa mstari hurudi kazini mara moja: “natt-tog”, “trafikk-kaos”, “buss-sjåfør”. Kistari kinapoonekana, kila sehemu hudai mwili wake wote. Ni kanuni yenye adabu fulani, kwani inakiri kwamba tahajia ilichukua kitu kisicho chake kwa ajili ya sura nzuri ya neno na sasa inakirudisha.

Kutupa huko herufi ndiko kunakouficha mshono kuliko jambo jingine lolote. “Busskur” ni kibanda cha abiria wanaosubiri basi, kutoka “buss” na “skur”. Machoni, hata hivyo, linasomeka kwa urahisi kama “buss” na “kur”, na “kur” ni tiba: tiba ya mabasi. “Rettroende” ni muumini wa imani sahihi, kutoka “rett” na “troende”. Likikatwa vibaya linakuwa “rett-roende”, mtu anayepiga makasia kwa kunyooka. Mnorwei anayesoma kwa sauti habahatishi. Anajua mshono ulipo kwa sababu anajua neno, na mkazo mdogo huutia pale unapostahili. Mashine hazina bahati hiyo. Mwaka 1983 Franklin Liang, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, alionyesha namna kompyuta inavyoweza kukata maneno kwa kutumia vipande vifupi vya herufi vilivyokusanywa kutoka orodha ya maneno, na mbinu hiyo ilienea duniani kote. Kwa lugha ambazo maneno yake mengi yamo kwenye kamusi inafanya kazi nzuri. Kinorwei huunda maneno ambatano mapya kila siku, gazetini, jikoni na bungeni, na neno lililozaliwa asubuhi halimo kwenye orodha yoyote jioni. Mashine hutazama herufi jirani, na herufi jirani kwenye mshono ndizo zinazodanganya.

Lugha yenyewe imejiwekea alama chache za kusaidia. Kati ya sehemu mbili mara nyingi huingia sauti ya kuungia, s au e, mabaki ya viambishi vya umilikishi vya Kinorwei cha kale. Ndiyo e ya “barnehage” na ya “sykehus”, na ndiyo s ya “arbeidsplass”, mahali pa kazi. Sauti hizi haziongezi maana yoyote inayoweza kuelezwa, ila s ina kazi moja ya kupendeza. Glasi ya mvinyo ni “vinglass”, bila s. Glasi ya mvinyo mwekundu ni “rødvinsglass”, yenye s. Katika neno la kwanza kuna mshono mmoja, hakuna haja ya alama. Katika la pili kuna mishono miwili, na s hukaa kwenye ule mkubwa: glasi ya [mvinyo mwekundu], si glasi nyekundu ya mvinyo. Hali kadhalika mguu wa meza ni “bordbein”, lakini mguu wa meza ya kuandikia ni “skrivebordsbein”. Si kila neno hutii, na wageni huteseka, lakini mwelekeo ni wa kweli: s hupenda kukaa baada ya kitu ambacho tayari ni ambatano.

Kwa msaada wa alama kama hizi maneno hurefuka bila kumtisha mwenyeji. “Menneskerettighetsorganisasjonene” lina herufi 33 na ni neno la kawaida la gazetini: “menneske” ni binadamu, “rettighet” ni haki, s ni ya kuungia, “organisasjon” ni shirika, na “ene” huonyesha kwamba ni mengi na yanajulikana. Kiswahili husema mashirika ya haki za binadamu, kikianzia mwisho wa neno la Kinorwei na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua ikionekana kwa ya au za. Kinorwei hakina viunganishi hivyo hapo. Kina mkazo mkuu mmoja kwenye silabi ya kwanza kabisa, “men”, na mikazo midogo huko mbele, ule wa “organisasjon” ukiwa kwenye silabi yake ya mwisho kama ilivyo neno hilo linapokuwa peke yake. Sehemu haibadilishi mahali pa mkazo wake kwa kuingia kwenye neno ambatano. Hushushwa daraja tu.

Juu ya mkazo kuna toni, na bila toni maelezo haya yangekuwa nusu. Lahaja nyingi za Kinorwei zina toni mbili ambazo hukaa kwenye neno lenye mkazo, na huweza kutofautisha maneno ambayo vinginevyo yangekuwa pacha. “Bønder”, wakulima, na “bønner”, maharagwe au sala, hutamkwa kwa sauti zile zile kwa watu wengi. Toni ndiyo inayotofautisha. “Tanken” kwa toni ya kwanza ni tangi lile, kwa toni ya pili ni wazo lile. “Hender” kwa toni ya kwanza ni mikono, kwa toni ya pili ni “hutokea”. Katika matamshi ya Oslo na mashariki, toni ya kwanza huanza chini kwenye silabi ya mkazo kisha hupanda. Toni ya pili huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena kwenye silabi zinazofuata. Magharibi na kaskazini mwendo ni mwingine, na zipo lahaja za kaskazini ambazo hazina tofauti hii kabisa.

Asili ya toni hizo ni silabi. Mikono katika lugha ya kale iliitwa “hendr”, neno la silabi moja. Irabu ya pili ilipenyezwa baadaye ili kurahisisha matamshi. Wakulima waliitwa “bœndr”, silabi moja vilevile. Maneno yaliyokuwa na silabi mbili tangu zamani yalipata toni ya pili, na yaliyokuwa na moja yakabaki na ya kwanza hata baada ya kuongezeka. Kiambishi cha “ile” hakikuhesabiwa, kwa kuwa zamani kilikuwa neno la pembeni lililoegemea jina: ndiyo maana “tank” na “en” hutoa toni ya kwanza, ilhali “tanke”, lenye silabi mbili zake lenyewe, hutoa ya pili. Mnorwei wa leo anayeagiza maharagwe, bila kujua, anahesabu silabi kama zilivyokuwa enzi za mababu waliosafiri kwa mashua za makasia na tanga.

Neno ambatano lina toni moja tu kwa neno zima, na hili ni gundi ya pili baada ya mkazo. Swali ni toni ipi. Kiswidi cha Stockholm kimejirahisishia: neno ambatano huchukua toni ya pili, basi. Kinorwei hakina unyoofu huo. Sehemu ya kwanza ikiwa na silabi zaidi ya moja, toni yake kwa kawaida huenea neno zima. Na pale e ya kuungia inapoipatia sehemu ya kwanza silabi ya pili, kama katika “sykehus”, toni ya pili hufuata. Tatizo ni sehemu za kwanza zenye silabi moja. Peke yake neno la silabi moja halina uchaguzi, kwani toni ya pili inahitaji nafasi ya kushukia na kupandia. Likiingia kwenye neno ambatano nafasi hupatikana, na hapo baadhi ya maneno huchagua toni ya kwanza na mengine ya pili, bila sababu ambayo mtu anaweza kuisoma kwenye umbo lake. Gjert Kristoffersen, aliyechapisha mwaka 2000 kitabu kinachotegemewa zaidi kuhusu fonolojia ya lugha hii, aliona kwamba uchaguzi huo hauna budi kuhifadhiwa pamoja na neno lenyewe. Lahaja nazo hazikubaliani. Mgeni aliyekwisha kuipata sarufi yote bado atajulikana hapo.

Kuna mahali ambapo mdomo huuvuka mshono bila kuomba ruhusa. Katika matamshi ya mashariki na ya sehemu kubwa ya kaskazini, r inapokutana na t, d, n, l au s huyeyukiana nayo ikawa sauti moja ya ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. “Vår” ni majira ya kuchipua na “sol” ni jua. “Vårsol”, jua la majira hayo, halitamkwi kwa r na s, bali kwa sauti moja inayokaribia sh ya Kiswahili. Sauti hiyo ni ya sehemu ipi? Kwenye karatasi jibu ni rahisi, “vår-sol”. Mdomoni haina mwenyewe. Bergen na Stavanger, ambako r hutoka kooni, muyeyuko huu haupo, na mshono hubaki wazi. Kwa hiyo neno lile lile, likiandikwa sawa nchi nzima, limeshonwa kwa namna mbili. Hata “barnehage”, lililoonekana rahisi mwanzoni, lina r ambayo Oslo haiitamki kama r: husikika “baa-ne-haa-ge”, huku karatasi ikisisitiza “bar-ne-ha-ge”.

Mkazo wa mwanzoni nao una waasi wake. Viambishi “be” na “for”, vilivyoingia kwa wingi pamoja na maneno ya Kijerumani cha kaskazini wakati wafanyabiashara wa Hansa walipokuwa na nguvu Bergen, huupisha mkazo uende kwenye silabi inayofuata: beTAle ni kulipa, forSTÅ ni kuelewa, forELdre ni wazazi. Lakini “FORslag”, pendekezo, hukazwa mwanzoni, na umbo la “for” halimwambii mtu lolote. Århundre, karne, ni “år” (mwaka) na “hundre” (mia), na mkazo wake uko kwenye “hundre”. Maneno ya kigeni huhifadhi mkazo wa kwao, baNAN, staSJON, poliTI, isipokuwa kwenye midomo ya watu wa mashariki wanaozungumza kienyeji, ambao huyavuta yote mbele: BAnan, STAsjon, POliti. Kwa muda mrefu matamshi hayo yalichekwa kama ya watu wasiosoma. Kwa mantiki ya lugha, wao ndio wanaofuata kanuni.

Waasi wanaofahamika zaidi ni miji miwili. Kristiansand, upande wa kusini, ulianzishwa na mfalme Christian IV mwaka 1641. Kristiansund, kaskazini zaidi katika pwani ya magharibi, ulipewa hadhi ya mji mwaka 1742 chini ya Christian VI. Majina yote mawili hukazwa mwishoni, kristianSAND na kristianSUND, na ni vizuri kwamba ni hivyo, kwa kuwa kinachoyatofautisha ni irabu moja tu iliyo katika silabi hiyo ya mwisho. Hata hivyo mkazo haukutosha, na kwenye anwani watu walizoea kuongeza herufi N kwa mji wa kaskazini na S kwa wa kusini.

Mkazo mdogo wa sehemu ya pili unapokufa, mshono huziba na neno huacha kuwa ambatano. Hilo hutokea polepole, katika maneno yanayotumiwa sana. “Nabo”, jirani, lilikuwa na sehemu mbili, “karibu” na “mkaaji”. Leo ni na-bo, silabi mbili zisizo na historia. Siku za wiki ziko njiani: “fredag”, Ijumaa, bado huandikwa kwa “dag”, siku, lakini husikika “freda”, bila g na bila urefu wa irabu. Jina la nchi yenyewe lilitokana na njia ya kaskazini, na katika “Norge” njia hiyo imebaki “ge”. Mfano ulio bora ni dirisha. Katika lugha ya kale liliitwa “vindauga”, jicho la upepo, kwa sababu lilikuwa tundu la kupitisha hewa na moshi kabla ya vioo. Bokmål, mojawapo ya maandishi rasmi mawili ya nchi hiyo, ina “vindu”. Sehemu ya pili imenyauka ikabaki u moja, mkazo mdogo umetoweka, na kwa kuwa neno si ambatano tena hukatwa kwa kanuni ya konsonanti moja, “vin-du”, d ikienda mstari wa pili na upepo ukiwa umepasuliwa katikati. Nynorsk, ambayo ni maandishi rasmi ya pili, yaliyojengwa juu ya lahaja na kazi ya Ivar Aasen katika karne ya 19, bado ina “vindauge”. Huko jicho lipo, mkazo mdogo upo, na kistari huwekwa baada ya d.